KWA NINI ARDHI HUPIMWA KABLA YA KUCHIMBWA: MAFUNZO KUTOKA MOSHI NA MITEREMKO YA KILIMANJARO

Miongoni mwa masuala ambayo wananchi huyauliza kila unapotangazwa mradi wa ujenzi ni hili: kwa nini fedha hutumika kutoboa matundu membamba ardhini, na miezi ikapita, kabla hata ya jiwe la msingi kuwekwa? Suala hilo ni la haki, kwani fedha hizo ni za umma. Kwa upande mwingine, baadhi ya watumishi wanaosimamia mikataba huliona fungu la uchunguzi wa ardhi kuwa ndilo jepesi kukatwa pale bajeti inapobana. Makala haya yanakusudia kueleza uchunguzi huo ni kitu gani, unafanyika vipi, na ni hasara gani hupatikana unapopuuzwa, hususan pale shimo linapokuwa refu na ardhi yenyewe ikawa ya mchanganyiko.

Tumechagua mfano wa mji wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Sisi wa visiwani hatuna mlima wa moto. Hata hivyo, Moshi ni mahali ambapo ardhi hubadilika ndani ya hatua chache, na kila fundisho la kazi hii huonekana huko bayana. Mwenye kuyafahamu ya Moshi hatashindwa kuyafahamu ya kwao, na mwishoni tutarejea kwenye uwanda wetu wa matumbawe.

MLIMA ULIOJENGWA KWA TABAKA

Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895, ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ndiyo kongwe, nayo ilianza kutoa moto takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Mawenzi na Kibo zilifuata baadaye. Pembezoni mwa hizo tatu vipo vilima vidogo vingi, ambavyo kila kimoja kilikuwa na tundu lake la kutolea moto.

Katika muda huo mrefu mlima haukumwaga kitu cha aina moja. Mara ulitiririsha lava, ambayo ilipopoa ikawa mwamba mgumu. Mara ulirusha majivu na changarawe zilizotua juu ya nchi kama vumbi juu ya mkeka. Mara ubavu mzima uliporomoka. Upande mmoja wa Mawenzi ulianguka kuelekea kaskazini-mashariki, na upande wa kusini-magharibi wa Kibo tope zito lililobeba majabali lilishuka mpaka tambarare. Baina ya mlipuko mmoja na mwingine mvua ilinyesha, mito ikachonga mabonde, miamba ikaoza na kuwa udongo. Kisha lava mpya ikaja, ikayajaza mabonde yale na kuufunika udongo ule.

Natija yake ni kwamba anayesimama leo katika kihamba cha migomba, juu ya udongo mwekundu wenye rutuba, hawezi kujua kwa macho kilichopo mita 10 chini ya nyayo zake. Tabaka za mlima ule ni mfano wa mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, lakini mingine imekunjwa, mingine imetoboka, na mingine imekatika katikati.

Elimu ya tabaka hizo haikupatikana kwa siku moja. Katika miaka ya 1953 na 1957 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza, wakishirikiana na idara ya jiolojia ya Tanganyika ya wakati huo, waliuzunguka mlima na kuchora ramani ya miamba yake. Hivi leo kazi ya kuhifadhi ramani na taarifa za namna hiyo kwa Tanzania Bara iko chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao yake Dodoma.

MAMBO MANNE YANAYOHADAA

Mhandisi anayetaka kuchimba shimo refu katika ardhi ya aina hii, liwe la ghorofa ya chini ya jengo, la msingi wa daraja, la tangi la maji au la handaki, hukabiliwa na mambo manne yenye kuhadaa.

La kwanza ni gumu lililolala juu ya laini. Kekee inapogota kwenye lava, mtu hufurahi akadhani amefika kwenye mwamba. Lakini mkondo mmoja wa lava huweza kuwa na unene wa mita chache tu, na chini yake likawepo tabaka la majivu au udongo wa kale uliooza. Msingi mzito ukiwekwa juu ya lava hiyo nyembamba, uzito wote hatimaye hubebwa na kile kilicho laini.

La pili ni jabali linalojifanya mwamba. Tope lililoshuka mlimani lilibeba mawe ya kila ukubwa, mengine makubwa kuliko nyumba. Tundu likiangukia juu ya jabali kama hilo, taarifa itaandikwa kuwa mwamba umepatikana katika kina cha mita 6, ilhali hatua tano pembeni hakuna mwamba wowote. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuwa kekee ikishafika kwenye jiwe iendelee kuingia ndani yake angalau mita 3, na zaidi ya hapo panapojulikana kuwa na majabali, ili ithibitike kuwa huo ni mwamba wa asili.

La tatu ni maji. Mvua inayonyesha katika msitu na vihamba vya Kilimanjaro huzama kupitia nyufa za lava, ikateremka mpaka ikutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha husafiri pembeni na kuchomoza kama chemchemi. Chemchemi za Shiri na Nsere, ambazo mji wa Moshi umezitegemea kwa maji ya kunywa, ni za asili hiyo. Shimo refu likikata njia ya maji ya namna hii, huweza kufurika kwa usiku mmoja. Aidha, maji yaliyobanwa chini ya tabaka zito husukuma kuelekea juu. Mchimbaji akiliondoa tabaka hilo mpaka likawa jembamba, sakafu ya shimo huinuka na kupasuka. Na mkandarasi akiamua kuyavuta maji hayo kwa pampu mchana na usiku, chemchemi au kisima cha jirani huweza kukauka, na nyumba iliyo karibu ikaanza kuonesha nyufa.

La nne ni udongo unaosimama leo na kuanguka kesho. Udongo uliotokana na majivu ya volkano una sifa ya kusimama wima ukiwa na unyevu mdogo. Mfano wake ni mchanga wa pwani: mtoto huweza kujenga nyumba kwa mchanga wenye unyevu kidogo, lakini wimbi likiugusa, nyumba hiyo humomonyoka mara moja. Ukuta wa shimo uliosimama bila ya tatizo kuanzia Januari mpaka Februari huweza kuanguka Aprili, mvua za masika zinapokolea. Na si lazima maji yatoke mbinguni. Miteremko ya Kilimanjaro imejaa mifongo, yaani mifereji ya kale ambayo Wachaga waliichimba ili kuyaleta maji ya mito kwenye mashamba. Mfongo unaovuja juu ya ukingo wa shimo hufanya kazi ile ile ya masika.

WAZEE WALIOCHIMBA KWA MIKONO

Isidhaniwe kuwa kuchimba kwa kina katika ardhi hii kulianza na mitambo. Katika zama za vita baina ya watawala wa Uchagani na za mashambulizi kutoka tambarare, wenyeji wa Marangu, Mamba na Rombo walichimba mapango ya kujifichia watu na mifugo. Inasimuliwa kuwa udongo uliotolewa ulikuwa ukitupwa mitoni ili adui asione chungu ya udongo mpya. Baadhi ya mapango hayo, kama yale ya Mamba Komakundi karibu na Marangu, yapo mpaka leo na wageni huyatembelea.

Wachimbaji wale hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na jambo ambalo mkandarasi mgeni hana: waliishi juu ya ardhi ile vizazi kwa vizazi, wakajua wapi pakavu, wapi penye maji, na udongo upi unasimama wenyewe. Njia zao zilikuwa nyembamba, na walichimba pole pole. Shimo la kisasa lenye upana wa mita 40 na kina cha mita 10 huchimbwa kwa wiki chache, na mchimbaji wake huenda hajawahi kuiona masika ya Moshi. Uchunguzi wa ardhi ndio unaoziba pengo hilo la ujuzi.

UCHUNGUZI UNAFANYIKAJE

Kazi hii ina daraja zake, na kila moja huitayarishia njia inayofuata.

(a) Kusoma kabla ya kutoboa. Ramani za jiolojia, picha za angani, kumbukumbu za visima na taarifa za majengo ya jirani hukusanywa na kusomwa. Daraja hii ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote, nayo ndiyo hurukwa mara nyingi zaidi.

(b) Kutembea na kuuliza. Mtaalamu hupita kwa miguu, akatazama kingo za makorongo na mikato ya barabara, mahali ambapo tabaka hujionesha zenyewe. Hutafuta miti iliyoinama, nyufa na mahali penye majimaji wakati wa kiangazi. Huwauliza wazee: chemchemi ilikuwa wapi, korongo gani lilifukiwa, nyumba ya nani ilidondoka.

(c) Mashimo ya majaribio. Haya huchimbwa mita 2 hadi 4, ili tabaka za juu zionekane na kuguswa. Hairuhusiwi mtu kuingia katika shimo lisilozuiwa kuta zake.

(d) Matundu ya kekee. Sampuli hutolewa kutoka kila tabaka, na mwamba hutolewa ukiwa mche mzima unaohifadhiwa ndani ya masanduku. Katika udongo, ugumu hupimwa kwa nyundo yenye uzito wa kilo 63.5 inayoangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, na huhesabiwa mapigo yanayolizamisha bomba la sampuli kwa sentimita 30. Idadi ya matundu hutegemea ardhi. Kanuni za uhandisi za Ulaya hutaja masafa ya mita 15 hadi 40 baina ya tundu na tundu kwa majengo marefu na ya viwanda; katika ardhi ya mchanganyiko kama ya Moshi, busara ni kukaribia ile 15. Wala tundu lisiishie pale shimo litakapoishia, bali lipite chini zaidi, kwani hatari ya maji na ya tabaka laini hukaa chini ya sakafu.

(e) Vipimo vya umeme na mitikisiko. Mkondo wa umeme hupitishwa ardhini, na penye maji hupita kwa wepesi zaidi kuliko kwenye mwamba mkavu. Vile vile ardhi hugongwa na mawimbi yake hupimwa. Njia hizi huonesha nafasi iliyopo baina ya tundu na tundu. Hata hivyo, kipimo cha kawaida cha mawimbi kina upungufu ambao ni mkubwa kwa Kilimanjaro: hakilioni vyema tabaka laini lililolala chini ya tabaka gumu. Kwa sababu hiyo hakiwezi kuchukua nafasi ya kekee.

(f) Kupima maji kwa misimu. Bomba jembamba lenye matobo huachwa ndani ya tundu, na kina cha maji huandikwa kila wiki. Kipimo kilichochukuliwa kiangazi peke yake hakitoshi; ni lazima masika ipite. Hapa ndipo miezi inapokwenda, na mwananchi anayeona kazi imesimama ajue kuwa hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe.

(g) Maabara. Udongo wa volkano una tabia ya pekee: baadhi ya aina zake zikikaushwa hubadilika, na hazirudi tena katika hali ya kwanza hata zikirejeshewa maji. Sampuli zisifungwe ovyo wala zisianikwe juani, kwani majibu yatakayotoka yatakuwa ya udongo mwingine.

(h) Taarifa. Taarifa njema huchora tabaka kutoka tundu moja hadi jingine, na hubainisha wapi mchoro umethibitishwa na wapi ni makisio. Taarifa isiyokuwa na shaka hata moja juu ya ardhi kama hiyo yapasa kutiliwa shaka.

GHARAMA YA KUTOJUA

Mfano mkubwa wa zamani unatoka Uswisi. Tarehe 24 Julai 1908, wachimbaji wa handaki la reli la Lötschberg walikuwa wakipita chini ya bonde la mto, wakiamini kuwa mwamba uliokuwa juu yao ni mnene. Kumbe bonde la kale lilikuwa limechongwa kwa kina kuliko walivyokisia, kisha likajaa mchanga, changarawe na maji. Baruti ilipolipuliwa, shehena hiyo yote ilimiminika ndani ya handaki na kuua watu 25. Sehemu ile iliachwa, na handaki likazungushwa kwa njia nyengine, ndefu zaidi. Mabonde ya kale yaliyofukiwa yapo pia chini ya lava za Kilimanjaro.

Karibu zaidi na Moshi, kusini ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, yapo machimbo ya tanzanite ya Mirerani, Wilaya ya Simanjiro. Miamba yake ni tofauti na ya volkano na imeitangulia kwa mamia ya mamilioni ya miaka, nayo imekunjwa na kupasuka vibaya. Mwaka 1998, mwaka wa mvua za El Niño, na tena Machi 2008, maji ya mvua yaliingia katika mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, ambayo mengine yalikuwa yameungana chini kwa chini, na katika kila tukio makumi ya watu walipoteza maisha. Katika mikasa hiyo miwili maji yalitoka juu na yakapata njia chini. Mchimbaji aliye katika shimo lake hakuweza kujua kuwa shimo la mwenziwe limefurika mpaka maji yalipomfikia.

Na katika mji, tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakafariki dunia. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa kazi ya uchimbaji ilikuwa ikiendelea katika sehemu ya chini ya jengo. Kuamua nani mwenye jukumu ni kazi ya vyombo vya sheria wala si ya ukurasa huu. Lakini tahadhari iliyomo haihitaji hukumu: anayechimba karibu na msingi, uwe wake au wa jirani, hugusa kile kinachobeba uhai wa watu walio juu yake.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa watumishi wanaotayarisha na kusimamia miradi, inasisitizwa kuwa fungu la uchunguzi wa ardhi lisiwe la kwanza kukatwa. Uchunguzi hugharimu sehemu ndogo tu ya thamani ya mradi, lakini shimo likishaporomoka hakuna bajeti inayotosha. Taarifa yote, pamoja na shaka zake, ipewe wazabuni wote, ili mkandarasi asije akadai fedha za ziada kwa jambo lililojulikana na kufichwa. Matundu yawekwe pale jengo linapohitaji, wala si pale gari la kekee linapofika kwa urahisi. Masanduku ya sampuli na taarifa zihifadhiwe baada ya mradi kumalizika, kwani mradi wa kesho utajengwa jirani yake.

Aidha, uchunguzi hauishi siku uchimbaji unapoanza. Kila mita inayochimbwa ilinganishwe na mchoro wa taarifa. Panapoonekana tofauti, kazi isimamishwe na mtaalamu aitwe. Vipimo vya kuta za shimo, vya nyumba za jirani na vya maji viandikwe kila siku, na awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina mwenye mamlaka ya kusema: tokeni shimoni.

Kwa wananchi, wanaombwa wawape wataalamu habari za kweli za visima, mapango na maji ya zamani, na wasiyang'oe mabomba ya kupimia maji yanayoachwa katika viwanja. Anayeona ufa mpya ukutani, ardhi ikididimia, au maji ya kisima yakibadilika rangi au kushuka ghafla karibu na mahali panapochimbwa, atoe taarifa kwa Sheha wake na kwa mamlaka ya ujenzi siku hiyo hiyo.

TUREJEE KWETU

Tuliahidi kurejea kwenye uwanda wetu. Unguja haina lava wala tope la volkano, lakini mwamba wake wa matumbawe nao una hila zake. Maji ya mvua huuyeyusha pole pole na kuacha mapango, na pango la Mangapwani lenye maji matamu ndani yake ni ushahidi ulio wazi kwa kila mtu. Juu huonekana jiwe gumu linalovunja sururu; chini huenda pakawa na uwazi mtupu, au mfuko wa udongo mwekundu, au maji yanayopanda na kushuka pamoja na bahari. Tundu moja lililoangukia kwenye jiwe zima haliwezi kulitolea ushahidi pango lililoko hatua sita pembeni.

Ndugu wananchi, ardhi haijibu mpaka iulizwe. Basi kila mradi unaohitaji shimo refu, uwe wa Serikali au wa mtu binafsi, uanze kwa kuuliza, na jibu litakalopatikana lifuatwe hata kama litachelewesha kazi kwa msimu mmoja wa mvua.